Ridhaa ya Kayitare

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina la mwenye picha: Kayitare. Umri: sabini na mmoja. Je, mwenye picha ameridhia picha yake itumike kuelimisha umma? Ndiyo, hapana. Chini kulikuwa na kisanduku cha sahihi, au dole gumba kwa asiyejua kuandika. Nilitia alama penye "ndiyo", kisanduku nikakiacha kitupu, na pembeni nikaandika: "Kwa niaba yake, binti yake, Illuminée." Baba alikuwa na miezi minne kaburini. Sikuona ubaya. Kama si mimi, nani mwingine angemsemea?

Naeleza mwenyewe kwa sababu watu wa Mahoko wameshaeleza kwa namna zao, na katika namna zao zote mimi ndiye mchawi.

Kazi yangu ni afya na usafi katika ofisi ya sekta, pale juu ya soko la Mahoko. Nyumbani ni Gisenyi mjini, mwendo mfupi kutoka Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Congo, na hapo mjini naishi na mama yangu, Nyirabagenzi. Sheria ya tumbaku si ngeni nchini: usivute mahali pa umma, usimuuzie mtoto, usiitangaze, na pakiti ya sigara iwe na onyo. Hiyo tunaijua sote, hata wanaoivunja. Ila kila Julai viongozi wetu husaini imihigo, yaani ahadi za kazi za mwaka mzima, na mwaka jana ahadi moja mpya ilitushukia kutoka wilayani: tumbaku yoyote isiuzwe bila onyo. Yoyote. Waliokaa kwenye kikao kile walikuwa wakifikiria maduka. Hawakuwafikiria wanawake wa Mahoko wanaouza igikamba, tumbaku yetu ya majani makavu, wamekaa chini na mafungu yao juu ya gunia. Igikamba haina pakiti. Ukitaka kuiandikia onyo, utaandika wapi?

Mkuu wetu wa sekta ni Rugwiro, mwanajeshi wa zamani aliyekulia Uganda, mtu wa amri fupi fupi. Nilimpelekea swali hilo nikidhani atarudisha ahadi ilikotoka.

"Madamu, jani liko uchi," alisema. "Wewe shona nguo. Kwisha."

Nikaishona. Kila fungu lizungushiwe karatasi, karatasi ibanwe kwa gundi, juu yake maneno ya onyo na picha ya mgonjwa. Maneno hayakunisumbua. Picha ndiyo iliyonitesa. Zile za kwenye pakiti za sigara ni za watu wa mbali, na wanawake wa Mahoko wangesema huyo ni wa huko kwao, tumbaku yake si yetu. Nilitaka mtu wa hapa. Wagonjwa niliowaomba walikataa, na mmoja alinitukana mpaka muuguzi akacheka. Na kwenye simu yangu nilikuwa na baba.

Baba alivuta kiko tangu Masisi. Tuliporudi kutoka huko Congo mwaka wa tisini na tano nilikuwa mgongoni mwa mama, na mama husema baba alivuka mpaka na godoro kichwani, redio mkononi na kile kiko mfukoni mwa shati. Alikuwa akishindilia kaa kwa dole gumba bila kujali moto, hata dole lile likapata kovu lenye umbo la harage. Machi mwaka jana mapafu yalimgomea. Wiki ya mwisho hakuwa na sauti tena, lakini kila ilipofika saa kumi alasiri, saa yake ya kiko, alinitazama na kufanya kwa midomo mitupu: pu, pu, kisha puuu. Mbili fupi, moja ndefu. Alikuwa anaomba.

Kwao wazee wetu, anayekufa akiomba kiko hanyimwi. Mtoto humwashia, huvuta yeye kwanza, kisha humpa. Mimi nilimnyima. Nilisema, "Papa, hapana, itakuua," na alikuwa anakufa hata hivyo. Siku moja nikampiga picha akiwa amelala vile, macho yameinamia blanketi, nimtumie daktari aone rangi ya midomo. Baba alikufa Alhamisi, saa kumi na robo. Hilo sijalimeza hadi leo na sidhani kama litamezeka.

Lakini si kwa ajili yake nilikuwa na bidii ile. Ilikuwa kwa ajili ya mama. Zamani mama alivuta kwa nadra, kwenye harusi na matanga, kwa adabu tu. Baada ya kumzika baba alianza kuvuta kila siku saa kumi, nyuma ya nyumba, amenipa mgongo. Mwezi wa tano akaanza kukohoa, na kikohozi kile nilikijua, kilikuwa kimelala na baba chumba cha pili kwangu mwaka mzima. Nilificha majani yake. Nilifoka. Nilimwonyesha picha za mapafu. Alinisikiliza kwa upole, akasema "ndiyo, mwana wangu," na kesho yake alikuwa tena nyuma ya nyumba. Tumbaku yake ilitoka Mahoko. Nilijiambia: nikiikausha Mahoko, nimemponya mama. Mengine yote, imihigo na sifa za ofisi, yalikuwa mapambo.

Karatasi zilichapwa mjini kwa Habib, mtu makini ambaye hatoi kazi mpaka aikague mwenyewe. Nilipokwenda kuzichukua alikuwa amefungua madirisha yote.

"Madamu, hii mashine ilikuwa inanuka moshi tangu asubuhi," aliniambia. "Nilizima, nikafungua, hakuna kitu iliungua. Na huyu muzee." Akaweka kidole kwenye picha. "Kwa simu yako alikuwa anaangalia chini, si ndiyo?"

Nikatazama. Kwenye karatasi macho ya baba yalikuwa yameinuka kidogo, yakitazama mbele. Nilimwambia ni rangi. Mashine huongeza weusi, kivuli kikabadilika. Habib alikubali kwa kichwa na kufunga mzigo, lakini aliufunga akiwa ameugeuza picha chini.

Mahoko niliwagawia wanawake karatasi na gundi, nikawaonyesha jinsi ya kufunga. Mkubwa wao ni Mukamurenzi, mama wa miaka sitini na kitu, aliyemuuzia baba tumbaku tangu turudi. Aliishika karatasi mbali na macho, halafu karibu.

"Yewe! Huyu si Kayitare?" Alicheka, halafu kicheko kikakatika. "Mutoto ya Kayitare, we umefunga tumbaku na baba yako?"

"Mukecuru," nilimjibu, kama tunavyomwita mwanamke mzee, "ni ya kufundisha watu. Tumbaku ndiyo ilimuua."

"Bon. Na yeye alikubali?"

"Nimesaini fomu."

Alianza kufunga mafungu yake kama nilivyoagiza. La kwanza alimpelekea mama yangu yeye mwenyewe, kwa heshima ya marehemu. Nilifurahi. Nilitaka mama aione picha.

Nilimkuta jioni hiyo kabla jua halijazama. Alikuwa ameifungua karatasi pole pole bila kuichana, ameinyoosha kwa kiganja na kuisimamisha juu ya kigoda mbele yake. Majani alikuwa ameyatia kwenye kopo lake. Alivuta, akaupulizia moshi kwenye picha, akangoja, akavuta tena. Nilisimama mlangoni nikashindwa kufoka. Kisha akaanza kukohoa, nikaingia ndani nikajifungia nikalia kwa hasira.

Wiki mbili zilipita. Jumanne, siku ya mkutano wa wananchi, watu walijaa uwanja wa sekta na Mukamurenzi akaomba kusema. Alikuwa na kikapu. Alisema wateja wanarudisha tumbaku na kumwita mwizi, kwamba ndani ya karatasi hakuna jani, kuna majivu. Wenzake wanne nao wakasimama kusema hivyo hivyo.

Mimi nina ulimi. Nilisimama mbele ya watu wote nikawaambia nimeshaona hila nyingi lakini hiyo ni ya watoto: mnatia majivu ndani ili karatasi ionekane mbaya, wilaya iiondoe, mrudi mlikokuwa. Mukamurenzi alitoa fungu moja kwenye kikapu, gundi yake haijaguswa, akanikabidhi.

Lilikuwa na joto. Si joto la jua, kwa sababu asubuhi ile hapakuwa na jua, ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye mabati ya soko. Nilichana gundi. Ndani majani yalikuwepo yote, yamekunjwa kama yanavyokunjwa, mishipa yake ikionekana mmoja mmoja, ila yalikuwa ya kijivu. Nilipoyagusa yakaanguka. Majivu mepesi yalinijaa mkononi na mengine yakanirukia usoni. Karatasi yenyewe haikuungua hata pembeni. Mtoto wa mtu mmoja akaanza kulia.

"Hiyo nilifunga jana asubuhi," Mukamurenzi alisema taratibu. "Ikashika moto jana, na bado iko na joto. Kila siku ni ile saa. Saa kumi."

Rugwiro alifunga mkutano haraka haraka. Ofisini nilimkuta anasugua mikono kwa furaha. Tumbaku ya majani ilikuwa imekwisha sokoni, hakuna anayenunua, hakuna anayethubutu.

"Namba inasema, madamu. Sijali ni majivu ama ni nini. Wilaya wamesikia. Ijumaa tunakwenda kwa kikao, wanataka hiyo picha kwa sekta zote kumi na mbili. Elfu sitini ya karatasi. Wewe unapanda cheo, mimi pia napanda. Safi kabisa."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake jioni ile nilichukua mafungu kumi mapya, nikayafunga mwenyewe kwa majani niliyoyakagua mwenyewe, nikapiga muhuri wa sekta juu ya gundi ya kila moja. Niliyafungia kwenye kabati la chuma la ofisi yangu na ufunguo nikauvaa shingoni. Nilisema: sasa tutaona mwizi ni nani.

Jumatano nilikaa mbele ya kabati hilo kutwa. Ilipofika saa kumi kasoro dakika chache wenzangu walikuwa wametoka kwenda kwenye kazi za nje, na ukungu uliteremka tena kutoka milimani ukaziba dirisha. Nilikuwa naandika ripoti. Nikasikia: pu, pu.

Kalamu ilisimama. Kisha ikaja ile ndefu, puuu, kutoka ndani ya chuma, kama midomo inayoachia mrija wa kiko. Halafu tena. Mbili fupi, moja ndefu. Haikuwa sauti kubwa. Ungekuwa na redio usingeisikia. Mimi nilikuwa nimeisikiliza wiki nzima ya Machi nikiwa nimeshika mkono wa aliyekuwa akiifanya, na hakuna mtu wa kuniambia ni panya.

Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka miguu yangu ilikuwa baridi na kabati lilikuwa la moto nilipoligusa. Nilifungua. Mihuri yote kumi ilikuwa mizima. Mafungu yote yalikuwa yamelegea, na kutoka kwenye mikunjo ya karatasi majivu yalitiririka taratibu kwenye rafu. Na baba, mara kumi, alikuwa amefungua midomo. Ilikuwa imepata rangi ya chai pembeni, rangi ya midomo ya mtu aliyetoka kuvuta. Macho yake yalikuwa yameinuka kabisa. Alinitazama vile vile alivyonitazama Machi, bila hasira, kama mtu anayeomba.

Nilikimbia. Sioni aibu kusema. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona mpaka nyumbani na kumkuta mama nyuma ya nyumba, kiko kikiwa kinamalizikia mkononi, anakohoa mpaka mabega yanacheza. Nilimwambia yote, fomu, kabati, sauti. Nilitarajia apige kelele. Alisubiri kikohozi kipite.

"Mi nilijua," alisema. "Alikuomba tumbaku, we ukamupa picha."

Nilikaa chini kwenye nyasi.

"Na we unadhani mi niko navuta juu yangu?" aliendelea. "Tumbako gani nataka na miaka hii? Niko namuvutia yeye. Kila saa kumi anakuja hapa, anafanya na kinywa vile. Nikimuacha, anaomba mpaka giza. Donc navuta. Lakini ya kwangu haimushibishi, mwana wangu. Mi hakuniomba. Aliomba we."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"We ungesikia?" Alitabasamu kidogo. "We ungeniletea picha ya mapafu."

Basi nikaelewa nilichokifanya, na nilikielewa chote kwa pamoja. Kikohozi kile cha mama, nilichokuwa nikikipiga vita kwa sheria na mabango na karatasi elfu, nilikuwa nimekiwasha mimi siku niliyosema hapana. Tena Ijumaa wilaya ingemchapa baba mara elfu sitini na kumbandika kwenye kila fungu la tumbaku kutoka ziwani mpaka milimani, na kila siku saa kumi angeomba kutoka kote huko. Mama angeendelea kumvutia mpaka mapafu yake yaishe. Na mimi ningepewa cheti.

Sitajifanya kwamba uamuzi ulikuwa rahisi. Tumbaku naichukia. Karatasi ile, hata kama ni kwa uchawi, ilikuwa imefanya kile ambacho miaka ya mikutano haikufanya: soko zima lilikuwa limekauka. Vikongwe wangapi wangeishi mwaka mmoja zaidi? Nililipima hilo Alhamisi asubuhi njia nzima, na bado nilijikuta nimesimama mbele ya gunia la Mukamurenzi.

"Mukecuru, nipe fungu moja. Bila karatasi."

"Bila karatasi?" Alinikodolea macho. "We si ndiyo ulitukataza?"

"Ndiyo mimi."

Aliangalia kulia na kushoto, akaingiza mkono chini ya kitenge na kunitolea majani mazuri ya kahawia, yenye harufu ya asali na udongo. Alipoona kiko cha baba kwenye mkoba wangu, kile mama alichonipa asubuhi, alinifunga vidole juu ya tumbaku.

Baba amezikwa Kanzenze, kwenye makaburi yaliyo chini ya mashamba ya viazi, ambako udongo ni mweusi na makaburi hufunikwa kwa mawe ya volkano. Langoni kuna bango: HAPA NI MARUFUKU KUVUTA TUMBAKU. Bango hilo ni wazo langu. Mwenzangu wa sekta ya Kanzenze alibakiwa na moja katika yale aliyoahidi kutundika, akanipigia simu aulize pa kuliweka ili idadi itimie, nami nilimjibu nikicheka, litundike makaburini, hao hawatakubishia.

Nilipita chini yake saa kumi kasoro robo. Hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umefika kwenye msalaba wa kaburi la jirani na kuishia hapo, na hata ng'ombe wa bondeni walikuwa kimya. Nilipiga magoti, nikapakia kiko kama nilivyomwona akipakia, nikawasha kiberiti. Kiko hakiwaki mpaka mtu avute. Miaka thelathini na kitu ya maisha yangu sikuwahi kutia kitu hicho mdomoni. Nilivuta. Koo liliungua, machozi yakanitoka, nikakohoa nikidhani nitatapika, nikavuta tena mpaka kaa likakubali.

"Papa," nilisema, "chukua. Samahani nimechelewa."

Nilikilaza kiko upande wa kichwa, mrija ukielekea kwenye mawe, nikarudi nyuma.

Kaa lilififia. Halafu likawaka peke yake, likafifia, likawaka. Mara mbili fupi. Kisha likawaka jekundu na kukaa hivyo, muda mrefu kuliko pumzi ya mtu aliye hai. Hakuna moshi uliotoka kwenye kiko. Nilisubiri utoke, hakuna. Mara tena mbili fupi, moja ndefu. Sikukimbia, nilikuwa nimeshakimbia mara moja na inatosha. Nilikaa na baba mpaka amalize, kama nilivyopaswa kukaa naye Machi.

Kaa lilipozima nilisikia chini ya mawe kishindo chepesi, kama cha mtu anayejiegemeza vizuri. Ndipo moshi ukatoka. Ulipanda katikati ya mawe meusi, mstari mmoja mwembamba, mrefu, usio na haraka, ukapanda moja kwa moja na kuingia kwenye ukungu, na uliendelea kutoka mpaka nikahesabu sitini na nikaacha kuhesabu. Ulinuka asali na udongo.

"Na ile picha," nilisema nilipoweza, "sikukuuliza. Nakuuliza sasa."

Nilichukua kiko, kilikuwa bado na joto, nikaondoka.

Nyumbani mama alikuwa nyuma ya nyumba mahali pake pa siku zote. Kopo la tumbaku lilikuwa limefungwa. Kiko chake kilikuwa kwenye kigoda, kimeoshwa. Yeye alikuwa amekaa tu, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyeshuka kwenye gari baada ya safari ya siku nyingi.

"Ulimupa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na kidogo."

"Ndiyo." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Leo hakuniomba."

Ijumaa kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa wilaya. Rugwiro alikuwa amevaa suti. Alisimama, akasifu, akagawa karatasi mpya zilizochapwa kwa Habib asubuhi ile, na mimi nikapokea yangu. Baba alikuwa amefumba macho. Midomo imefungwa, mashavu yamejaa kidogo, blanketi kifuani. Alikuwa mzee aliyelala baada ya kula vizuri na kuvuta vizuri. Sijawahi kumwona mtu aliyestarehe namna ile.

Ukumbi ulinong'ona. Teta, mwanasheria wa wilaya, aliyekulia Karagwe na kusema Kiswahili kilichopigwa pasi, aliinua karatasi yake.

"Samahani, dada Illuminée. Hili ni onyo au tangazo? Maana mimi sivuti, lakini nikimwangalia mzee huyu nasikia hamu. Sheria inakataza kuipamba tumbaku. Hatuwezi kuchapa hii hata nakala moja zaidi."

Watu walicheka. Rugwiro alinigeukia na macho ya mtu aliyesalitiwa. Mpango ulifutwa pale pale, na Jumatatu nikapewa barua ya kujieleza: kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kusambaza picha inayotangaza tumbaku. Nusura nimwage unga. Mahoko walisherehekea. Nasikia karatasi zilizobaki wanawake waligombania, kwamba tumbaku iliyolala ndani ya Kayitare ni tamu.

Barua ya kujieleza ilitakiwa iambatane na fomu ya ridhaa. Nilifungua faili mbele ya Rugwiro. Alama yangu ilikuwepo, na maneno yangu ya pembeni, kwa niaba yake. Na ndani ya kile kisanduku nilichokiacha kitupu kulikuwa na alama ya dole gumba, ya kijivu, mistari yote imetoka wazi, na katikati doa jeupe lenye umbo la harage.

Rugwiro aliinama. "Nani ameweka kidole hapa?"

"Mwenye picha, afande."

Aliigusa. Ncha ya kidole chake ilirudi na majivu. Aliifuta kwenye suruali, mara mbili, akatazama dirisha, akatazama saa.

"Sawa," alisema. "Weka kopi kwa faili."

Hakuniuliza tena, na barua ile haikufika popote.

Ilibaki ripoti ya robo mwaka. Ukurasa wa mwisho uliuliza: idadi ya watu walioacha tumbaku kutokana na hatua hii. Soko lilikuwa limejaa igikamba kama zamani, uchi kama zamani, na Rugwiro alikuwa ameniambia niandike namba ninayoweza kuitetea. Nilichukua simu nikampigia mama. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

"Uko wapi, mama?"

"Niko hapa nyuma ya nyumba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unafanya nini?"

"Nimekaa tu. Napata hewa."

Nilimsikiliza akipumua. Ilikuwa pumzi ndefu, ikaingia na kutoka bila kikohozi, halafu nyingine. Sikutaka kukata simu. Niliibana kwa bega, nikavuta ripoti karibu, na penye idadi nikaandika: moja.